Fundi Kilekile na Nukta Zake

Ukipeleka gari kwa fundi Kilekile huku una haraka, ulikuwa umekosea mlango. Gereji za watu wenye haraka zipo tele: unaingia, kipande kinang'olewa, kipya kinapachikwa, unatoka chai yako haijapoa. Kwa Kilekile ulikuwa unavutiwa kiti. Anakitoa kipande chako kilichochoka, anakiosha kwa mafuta ya taa, anakigeuzageuza kwenye mwanga wa mlango, kisha anakuuliza swali lake la siku zote: "Nani kakwambia hiki kimekufa?" Na wewe, uliyekwisha kuambiwa na mafundi wote wa mji kwamba kimekufa, unabaki kukuna kichwa.

Jina hilo alibandikwa na wateja. Mtu akija kuchukua gari lake na kuuliza, "Fundi, umenifungia kipya?" yeye alijibu huku akifuta mikono kwa kitambaa, kifua mbele, "Kilekile!" Yaani ulichokuja nacho ndicho unachoondoka nacho, ila sasa kimepona. Likamganda. Jina alilopewa na wazazi wake likabaki kutumika hospitalini na kwenye kitambulisho tu.

Karakana yake ilikuwa chumba kirefu chenye paa la bati, kilichojibana kati ya duka la rangi na ukuta wa shule. Zana zilining'inia ukutani, kila moja juu ya umbo lake lililochorwa kwa chokaa, ili ikikosekana ionekane. Benchi lilikuwa la ubao mnene uliokunywa mafuta mpaka ukawa mweusi, jiliwa la kubania vyuma upande huu, mashine ya kukereza upande ule, na chini yake boksi la mbao ambalo yeye mwenyewe aliliita jela. Humo alitupa spea za dukani alizozivua kwenye magari ya watu waliodanganywa kwingine. Hakuzirudisha wala hakuziuza. Alizifunga tu, na kufuli akaitia.

Usidhani alikuwa mbishi mtupu. Mkono alikuwa nao. Rejeta iliyotoboka kama chujio aliiziba kwa lehemu ikakaa miaka bila kutoa jasho. Alifundishwa na mzee mmoja mkali aliyeitwa Mistri, aliyempokea akiwa kijana asiye na mbele wala nyuma na kumsomesha kwa matusi mpaka chuma kikamtii. Mistri alikuwa na neno alilolirudia kila alipomwona mtu kashika spea mpya: "Badilisha kipande leo, kesho badilisha kingine, siku moja utaamka unaendesha gari la mtu mwingine." Alipokaribia kufa alimwachia Kilekile gari lake mwenyewe, dogo, rangi ya maziwa, la enzi ambazo wengi wanaoligeukia barabarani hawakuwa wamezaliwa. Kilekile akaliita Bikizee. Akala yamini kwamba hakuna kipande cha Bikizee kitakachokwenda jalalani yeye akiwa hai.

Na alikuwa na desturi moja. Kila kipande alichokiponya alikipiga nukta kwa msumari mgumu na nyundo ndogo. Kikirudi, kikapona tena, nukta nyingine. Hiyo ndiyo ilikuwa sahihi yake. Kwa kuwa dole gumba la mkono wake wa kushoto liliwahi kupondwa na jeki na kupona likiwa limepinda, msumari ulilala kidogo kila alipoushika, na nukta zake zote ziliinamia upande mmoja. Jambo dogo sana, hakuna mteja aliyewahi kuliona. Yeye alilijua kwa kugusa, kama unavyoujua mlango wako gizani.

Mke alimpata kwa cherehani. Bibie alikuwa mshonaji wa mtaa wa nyuma, cherehani yake ya kurithi imekwama, na kila mtu anamshauri anunue nyingine. Kilekile aliikalia siku kadhaa, akachonga upya jino lililokatika kwenye gurudumu lake dogo, akairudisha inaimba. Alipoulizwa bei akasema anataka chai. Akaja kunywa chai ile mara nyingi mpaka wazazi wa binti wakamuuliza anataka nini hasa.

Alikuwa mwanamke wa mzaha na sauti ya juu. Alipenda kuendesha Bikizee akipeleka nguo kwa wateja wake, vioo vimeshushwa, pini bado zimechomekwa kwenye kola. "Mume wangu hatupi kitu," alikuwa akiwaambia wenzake. "Ndiyo maana na mimi bado nipo." Mtoto wao wa pekee, wa kike, aliota meno akitafuna spana ya baba yake, wakamwita Spana, na jina likakua naye. Mama akawa Mama Spana, baba akawa Baba Spana kwa mkewe peke yake. Kwa wengine wote alibaki Kilekile.

Spana alijifunza kazi kwenye benchi lile jeusi, kisha akaajiriwa gereji kubwa ya barabara kuu, kule kwenye sakafu zilizopigwa deki na mafundi wenye sare. Hapo ndipo ubishi ulipohamia mezani.

"Nyinyi kule si mafundi," baba alisema, mkate mdomoni. "Nyinyi ni wapachikaji."

"Sawa, baba, sisi wapachikaji," Spana alijibu. "Lakini kuna vitu vya kutengeneza na kuna vitu vya kutupa. Taa, kiti, kitasa cha mlango, tengeneza mpaka uchoke, hata mimi nitakushikia tochi. Breki na usukani, hapana. Hapo tunacheza na roho za watu."

"Vya zamani vilitengenezwa na watu wenye aibu. Hivi vyenu vinatengenezwa ili mrudi dukani."

"Chuma nacho kinachoka, baba."

"Kinachoka mikononi mwa mtu asiyekijua."

Mama Spana aligonga kikombe kwa kijiko. "Mnakula au mnafanya mkutano? Nipeni chumvi mimi nisiye na elimu." Wakacheka wote watatu, na ubishi ukalala mpaka siku nyingine. Ulikuwa ubishi wa watu wanaopendana, tuseme ukweli, na kama ungebaki mezani usingemdhuru mtu.

Haukubaki mezani. Bikizee alikuwa na tairodi mbovu upande wa kushoto. Tairodi ni ule mkono wa chuma unaopeleka amri ya usukani kwenye gurudumu: unakata kona hapa ndani, gurudumu linatii kule chini. Ilipasuka zamani, Kilekile akaichomelea, akailainisha kwa tupa, akaipiga nukta. Ikapasuka tena kando ya kovu lile, akaichomelea tena. Na tena. Ilikuwa na nukta tatu Spana alipoingia chini ya gari na tochi, siku aliyokuwa amekuja tu kumsaidia mama yake kubadilisha gurudumu. Alitoka pale chini rangi imemtoka.

"Baba, hii mama anaiendesha mjini kila siku?"

"Hiyo ni ngumu kuliko mpya. Niliigonga mwenyewe ikalia vizuri."

"Ugumu ndio ubaya wenyewe! Unaichoma, inakauka, halafu inakatika pembeni ya pale ulipochoma. Wewe ndiye uliyenifundisha hivyo!"

"Nilikufundisha kuchoma, sikukufundisha woga," alisema Kilekile, akaenda zake kunawa mikono.

Baada ya hapo Kilekile akaugua kifua, akalala kitandani muda mrefu, akikohoa mpaka majirani wakaanza kuulizana kwa sauti ya chini. Spana hakungoja. Alinunua tairodi mpya, akaifunga, na ili kumwepushia mzee hasira katika udhaifu ule, akaipiga nukta tatu, akaipaka grisi chafu na vumbi mpaka ikafanana na ile ya zamani. Ile ya zamani akaifunga kwenye gunia, akaiweka juu ya rafu ya karakana. Lilikuwa kosa la mapenzi, lakini lilikuwa kosa. Mtu unaweza kumdanganya mambo mengi, ila usimwigie sahihi.

Alipopata nafuu, kitu cha kwanza alichofanya Kilekile ni kwenda kumjulia hali Bikizee. Akajilaza chini, akapapasa huku na huku kwa vidole, na vidole vikafika kwenye nukta. Zilikuwa zimesimama wima. Watu waliokuwepo hawajasahau ukelele alioutoa. Shemeji yake alikuwepo, kaka yake Mama Spana, muuza mbao mwenye mwili mkubwa na sauti kubwa zaidi, pamoja na majirani waliokuja kumpa mgonjwa hongera ya kupona.

"Amenighushia nukta zangu!" alipiga kelele, suruali imejaa vumbi. "Mwanangu wa kumzaa! Kanitilia takataka ya dukani halafu kaigonga jina langu! Siku ikimuua mtu, mseme niliwaambia!"

Spana alilia mbele za watu, na hakuwa mtu wa kulia. Mjomba wake akatikisa kichwa na kusema vijana wa siku hizi wana haraka. Mama Spana ndiye aliyeingia kati, kipimo cha nguo bado kinaning'inia shingoni.

"Basi!" alisema. "Mtoto kakosea kukuficha. Kukifunga hakukosea. Anayeendesha ni mimi, na mimi nakitaka hicho hicho kipya. Kinabaki hapo kilipo. Baba Spana, umenisikia?"

"Nimesikia."

"Sema sawa."

"Sawa," alisema Kilekile, shingo upande.

Sawa ile iliishia mdomoni. Kila Bikizee alipotoka getini, Kilekile aliona kama mtu kavaa viatu vya kuazima. Alikula bila hamu. Alikaa kwenye benchi akimsikia Mistri kichwani, lile neno lake la kuamka unaendesha gari la mtu mwingine. Ndipo siku moja, mkewe alipokwenda kwa miguu kumpima mteja nguo, alifunga mlango wa karakana, akampandisha Bikizee kwa jeki, akaivua tairodi mpya na kuitupa jela. Akaiteremsha ile ya zamani kutoka kwenye rafu, akaigonga kwa nyundo, ikalia vizuri, akaifunga. Hakumwambia mtu. Alipomaliza alinawa, akaimba wimbo wa ujana wake, na mkewe aliporudi akamkuta mchangamfu kuliko alivyokuwa tangu augue. Hakuwa na nia mbaya hata chembe, na hilo ndilo linaloudhi kuliko yote.

Mama Spana alitoka asubuhi na sare za shule alizokuwa amezishona, zimepangwa kiti cha nyuma. Alimpigia mumewe honi kwa utani, naye akampungia kitambaa. Barabara ya kule shuleni ina mteremko unaopinda kando ya machimbo ya kokoto. Lori lilikuwa linapanda limejaa. Dereva wake alieleza baadaye, akilia, kwamba alimwona mama yule akizungusha usukani kwa nguvu zake zote, mikono inakwenda, lakini gari linakuja tu moja kwa moja. Walimtoa akiwa amekwisha kufa. Sare zilitapakaa barabarani mpaka chini ya mteremko.

Bikizee alivutwa mpaka yadi ya polisi. Baada ya mazishi, mkaguzi wa magari akawaita wenyewe. Kilekile alikwenda na shemeji yake, na Spana akawafuata nyuma, maana mjomba hakutaka kutembea naye. Yadi ilikuwa uwanja wa mchanga uliojaa magari yaliyokunjika. Mkaguzi, mtu mpole mwenye glavu za kitambaa, aliinama kwenye gurudumu la kushoto, akatoka na kipande cha chuma.

"Hii tairodi ndiyo iliyokatika," alisema. "Ikishakatika hii, usukani wa upande huu huna tena. Marehemu hakuwa na kosa lolote. Nani aliifunga?"

Kilekile alikipokea kipande. Hakuwa na haja ya kukitazama. Kidole chake kilipita juu ya nukta tatu, na zote tatu zilikuwa zimelala.

"Nani aliifunga?" mkaguzi akarudia.

"Binti yake," alisema shemeji. "Huyo hapo nyuma. Mzee alimkataza, sote tulimsikia. Alisema siku itamuua mtu."

Maneno yalikuwa kooni mwa Kilekile. Yalikuwa machache: ni mimi, niliirudisha. Alifungua mdomo. Akamwona mkewe akimpigia honi, akaona kwamba akishayasema maneno yale atakuwa mtu aliyemuua Mama Spana kwa mkono wake, leo na kesho na siku zote zilizobaki. Akafunga mdomo. Mkaguzi alidhani ni uchungu, akamshika bega. Alisema ni ajali, hakuna wa kushtakiwa, wanaweza kuchukua mabaki yao. Spana alisimama pale pale alipokuwa, macho yake kwenye kipande kilichokuwa mkononi mwa baba yake, wala hakujitetea.

Habari ilienea kama inavyoenea. Mjomba alimwambia mpwa wake asikanyage tena kwake. Wanawake waliokuwa wakishonewa na mama yake walivuka barabara wakimwona. Kule gereji kubwa wateja wakaanza kuuliza, "Yule dada ndiye atakayeingia chini ya gari langu?" na meneja, aliyekuwa akimsifu juzi tu, akamhamishia kuosha magari. Alikuwa fundi bora kuliko nusu ya waliokuwa mle ndani. Akashika sponji.

Kilekile aliyaona yote. Kila asubuhi alipiga moyo konde kwamba leo atasema, na kila siku ilikuwa na sababu yake. Leo kuna wageni. Leo shemeji bado ana uchungu mkali. Leo mtoto mwenyewe ametulia, nikimgusa kidonda nitamtonesha. Mwoga ana akili nyingi sana akitafuta kesho. Kipande kilichokatika alikificha kwenye droo ya benchi, na kila alipokuwa peke yake alikitoa, akakipapasa, akakirudisha.

Kisha likaja jambo baya zaidi ya kunyamaza. Alianza kuamini. Alijiambia, labda nilipoifungua ile mpya nilikuta nati zimelegezwa. Labda mtoto asingegusa, mimi nisingeirudisha. Labda chanzo ni yeye. Spana alikuwa bado anamletea chakula jioni akitoka kazini, mikono imekunjamana kwa maji ya sabuni. Jioni moja aliweka bakuli mezani, na baba yake akainua macho akamtazama vile walivyokuwa wakimtazama watu wa mtaani. Ilikuwa mara moja tu, kisha akainamia bakuli. Spana aliliona jicho lile. Alikaa kidogo, akaaga, akaenda.

Siku iliyofuata alikuja karakana asubuhi, begi begani. Kilekile alikuwa anapiga tupa kitasa cha mlango cha mteja.

"Nimekuja kukuaga, baba. Nimepata kazi mbali. Huko hawanijui."

"Mbali wapi? Na mimi utaniachia nani?"

Spana aliinama chini ya benchi, akachukua ufunguo pale ulipokuwa ukining'inia tangu utoto wake, akafungua jela. Alizipekua spea mpaka akaipata aliyokuwa akiitafuta, nzima, ina grisi chafu na nukta tatu zilizosimama wima. Akaiweka juu ya benchi. Kisha akafungua droo, akatoa ile iliyokatika, akailaza kando yake.

Kilekile aliweka tupa chini, akakaa. "Ulijua tangu lini?"

"Tangu yadi. Nilikuwa nimesimama nyuma yako, baba. Niliziona nukta zako mkononi mwako, zimelala. Zangu nilizigonga wima."

"Kwa nini hukusema? Mwanangu, wamekutukana, wamekufukuza, kwa nini hukusema?"

"Aliulizwa baba yangu," alisema Spana, na machozi yakaanza kumtoka. "Nikasema, ngoja, kachanganyikiwa, kafiwa, kesho atasema. Nikasema hivyo kila siku. Ningekubebea hata miaka. Lakini jana umenitazama kama kweli nimemuua mama yangu."

"Nitasema! Nakwenda kwa mjomba wako sasa hivi, nitasema mbele ya watu wote!"

"Nenda, baba," alisema. "Mimi basi sitasubiri tena." Akambusu kichwani, mahali nywele zilipopungua, akachukua begi lake.

Kilekile alitoka mbio kwa namna ambayo mzee mwenye kifua kibovu anaweza kutoka mbio. Shemeji alikuwa kibarazani kwake na majirani, wale wale waliosikia ukelele wake siku ile. Alivimwaga vipande viwili mezani, vikombe vikaruka.

"Ni mimi niliyemuua dada yako," alisema, akihema. "Ile mpya ya Spana niliivua. Nikarudisha yangu. Yangu ndiyo iliyokatika."

Shemeji alikiokota kipande kilichokatika, akakisogeza karibu na macho yake. "Hiki kina nukta, shemeji."

"Ndiyo! Zangu!"

"Lakini si wewe mwenyewe uliyetuambia kwamba mtoto alizighushi nukta zako? Sote tulikuwepo."

"Alighushi kwenye hii nzima! Tazama, hizi zimesimama. Hizi zangu zimelala. Gusa!"

Shemeji aligusa. Akampa jirani, jirani akampa mwenzake, vipande vikazunguka meza nzima. Walivigeuza kwa heshima, wakavisugua kwa vidole, wakatazamana.

"Mimi naona nukta tu," alisema mmoja taratibu.

"Na hicho kizima," alisema mwingine, "gari si lina magurudumu mawili mbele? Hicho si cha upande wa pili?"

"Hapana! Nawaapia! Dole langu limepinda, msumari unalala, tazameni!" Aliwaonyesha dole gumba. Wakaliona dole, wakainamisha nyuso zao.

Shemeji alisimama. Alikuwa na machozi, yule mtu mkubwa. Alimkumbatia Kilekile mpaka mbavu zikalia. "Shemeji, sisi tunakujua. Kitu kilichopita mikononi mwako wewe, kikatike? Mji mzima unajua haiwezekani. Yuko wapi mtoto? Ndiye aliyekutuma?"

"Ameondoka. Ameondoka asubuhi hii."

"Ameondoka," shemeji alirudia, akiwageukia wenzake. "Mnaona wenyewe. Kamwachia mzee mzigo, kakimbia." Kilekile alipiga meza, akalia, akasema ni mimi, ni mimi, mpaka kikohozi kikamkaba. Wakamletea maji. Wakamrudisha nyumbani wamemshika huku na huku, na walioko milangoni walipouliza kuna nini, walijibiwa kwa sauti ya chini kwamba mzee anataka kumbebea mwanawe kosa. Watu walitikisa vichwa kwa huruma. Wakasema baba ndiye huyu.

Asubuhi yake mteja alimkuta amekaa kwenye benchi, vipande viwili mbele yake, hajavigusa. Alikuwa mtu wa mbali, aliyeelekezwa, na mkononi alikuwa na pampu ya breki ya gari la babu yake, imeliwa na kutu.

"Shikamoo, fundi. Huko kote wameniambia hii imekufa. Nikasema siamini mpaka aniambie Kilekile."

Kilekile aliipokea. Hakuiosha, hakuipeleka kwenye mwanga wa mlango. Aliishika tu, kisha akamrudishia.

"Imekufa," alisema. "Katupe."

Mteja alicheka, akijua mafundi wakubwa wana mizaha yao, akavuta kiti akakaa kusubiri.